Mita Hamsini na Nane

Tuliitwa chini, kwenye chumba cha kufulia,
saa moja jioni, Februari, theluji imeziba vidirisha.
Viti ishirini na saba katikati ya mashine,
kiti kimoja kwa kila mlango wa jengo hili.
Mashine namba tatu haikuzimwa. Kuna mtu alikuwa na mashuka ndani.
Ikazunguka muda wote wa hotuba.

Bwana wa benki alikuja na viatu vya kung'aa
na mchoro wa jengo letu, limekatwa vipande
kama keki ya arusi.
Akasema: kodi ni maji mnayomwaga mchangani.
Akasema: theluthi mbili wakikubali, chama chenu kinanunua jengo,
na kila mmoja ananunua nafasi yake.
Ukuta wa nje ni wa wote. Ngazi ni za wote. Paa ni la wote.
Chako ni kuanzia rangi, kuja ndani.

Nikawaza: yaani nauziwa hewa
niliyoipumua miaka thelathini na minne.

Mimi Raili nilitoka Ufini na sanduku moja,
nikapiga deki hospitali za Stokholm hadi magoti yakagoma.
Nimekuwa mpangaji umri wangu wote
bila kupanga chochote:
mtoto alikuja, mume akaondoka,
kodi ikatoka kila tarehe ishirini na nane.

Bei ya mita zangu hamsini na nane
ilikuwa na sifuri nyingi kuliko vifungo vya koti langu.
Torsten wa ghorofa ya tatu alikwisha piga hesabu:
nunua leo, uza mwakani, nenda Uhispania ukaote jua.
Elin na mumewe walishikana vidole kama wanafunga ndoa upya.
Behruz, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta,
aliinua mkono bila kunitazama.

Walihitajika kumi na wanane. Wakapatikana kumi na wanane.
Mkono wangu niliuacha mapajani, umeshika ufunguo.
Mashine namba tatu ikaanza kukamua.

Hawakunifukuza. Sheria hairuhusu.
Bado ni mpangaji, ila sasa nimepanga kwa majirani.
Barua ya kodi huja na nembo mpya,
chini yake sahihi za watu
ambao maua yao niliyamwagilia walipokwenda likizo.
Elin akinikuta kwenye ngazi husema karibu,
kama vile mgeni ni mimi.

Torsten kauza hata mwaka haujaisha.
Kwake anakaa kijana mwenye mbwa mweupe.

Wakaja kupima upya, kwa kifaa chenye mwale mwekundu.
Hamsini na saba na nusu.
Hiyo nusu imekwenda wapi, sijui.
Labda ni pale kwenye mwimo wa mlango wa jikoni,
penye mistari ya penseli: Paivi miaka minne, Paivi saba,
Paivi kumi na mmoja, kisha akakataa kupimwa.
Nilishapaka rangi juu yake, bado inaonekana.
Kwa hesabu ya yule bwana, kilicho chini ya rangi
ni cha wote.

Mwezi wa kumi bomba la jikoni likaanza kuvuja.
Nikaiandikia kamati, ndivyo inavyotakiwa.
Kamati ikajibu: suala lako litajadiliwa kikao kijacho.

Usiku wa pili mlango ukagongwa polepole.
Behruz, mweka hazina wa chama, amesimama na soksi,
spana mkononi, ile ile ya zamani.
"Isifike kwenye kamati," akanong'ona,
akapiga magoti chini ya sinki.
Habari ya ule mkono hatukuigusa.
Nikachemsha kahawa. Bomba likakohoa, likanyamaza.

Akitoka, alisimama kwenye ukuta ulio kati yetu,
akaugonga mara mbili kwa kidole,
kama mtu anayepiga hodi
asijue mwenyewe ni nani.